BILDAD KAGGIA: Askari aliyerudi vitani akashika kalamu, kisha akakataa kulipwa anyamaze

Kuna swali ambalo kijana aliyeenda kusaka maisha mjini hulijua vizuri. Unashuka matatu Mghange mwezi wa Disemba, mkoba mmoja mgongoni, vumbi la barabara ya kutoka Voi bado liko kwenye viatu. Kabla chai haijamiminwa, mjomba mmoja anaanza: miaka yote hiyo Nairobi, umejifanyia nini? Ploti iko wapi? Fulani mlisoma darasa moja, mbona yeye ameshajenga?

Wengi wetu hucheka tu na kubadilisha mada. Lakini mwaka wa 1965, swali hilo hilo aliulizwa mtu mzima aliyekuwa amepita miaka 40, mbele ya umati wa watu waliompigia kura, katika eneobunge lake mwenyewe. Aliyeuliza hakuwa mjomba. Alikuwa Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa Kenya.

Aliyeulizwa ni Bildad Kaggia. Alikuwa amevaa magwanda ya jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, amehariri gazeti, ameongoza chama cha wafanyakazi, na amefungwa jela miaka saba pamoja na huyo huyo Rais. Na kweli, ukilinganisha na wenzake waliofungwa pamoja, hakuwa na mali ya kuonyesha.

Vijana wengi leo wanamjua kama jina moja katika orodha ya Sita wa Kapenguria, ile tuliyokariri shuleni ili kupita mtihani. Mtihani ukaisha, na jina likaisha. Ni hasara, kwa sababu maisha yake yanajibu swali la yule mjomba kwa njia ambayo si rahisi kuisikia siku hizi.

Karani aliyeenda vitani

Kaggia alizaliwa Dagoretti mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika familia iliyokuwa na asili yake Murang'a. Haikuwa familia ya chifu wala ya mfanyabiashara. Alisoma katika shule ya misheni ya Kianglikana huko Kahuhia, na alikuwa mtoto wa akili nyingi darasani. Lakini akili ni kitu kimoja na karo ni kitu kingine. Pesa za kuendelea na masomo ya juu hazikupatikana, basi akachukua kazi ambayo kijana Mwafrika aliyejua kusoma na kuandika angeweza kuipata wakati ule: ukarani katika ofisi ya serikali.

Vita vilipopamba moto, akajiunga na jeshi. Hakuwa peke yake. Karibu Wakenya 100,000 waliingia jeshini katika vita hivyo. Wengine walifika Ethiopia, wengine Burma. Sisi wa Taita Taveta hatuhitaji kuelezwa sana habari ya vita vya wakubwa vinavyopiganwa na wadogo. Vita vya Kwanza vilipiganwa hapa hapa kwetu. Reli ya kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta ilijengwa kwa ajili ya kubeba askari na risasi. Kilima cha Salaita kiliona damu Februari 1916, na makaburi ya askari yapo Voi, Maktau na Taveta mpaka leo.

Kaggia yeye alipelekwa Mashariki ya Kati, nchi ambazo hadi wakati huo alizijua kupitia Biblia tu. Baadaye akafika Uingereza. Kazi yake ilikuwa zaidi ya karatasi na kalamu kuliko bunduki, na huenda ndiyo sababu aliona mengi. Aliona kwamba jeshi moja lilikuwa na mizani mbili: Mwafrika alilipwa kidogo, alikula tofauti, na hata akifanya kazi ya afisa hakupewa cheo cha afisa. Huko Uingereza aliwaona wazungu wa kawaida wakifagia barabara, wakibeba mizigo, wakihangaika na maisha kama mtu mwingine yeyote. Ile picha ya mzungu kuwa bwana kwa kuzaliwa, ambayo koloni ilitumia miaka mingi kuichora, ikafutika kichwani mwake.

Ukitaka kuelewa alichofanya baadaye, kumbuka hapo. Askari wengi walirudi na hadithi za meli na miji mikubwa. Kaggia alirudi na hasira iliyopangwa vizuri.

Akaanza na kanisa

Alirudi Kenya vita vilipoisha, na kitu cha kwanza alichogombana nacho hakikuwa serikali, kilikuwa kanisa. Alihisi kwamba dini aliyofundishwa ilikuwa imefungwa pamoja na utamaduni wa mzungu kama mzigo mmoja, na kwamba Mwafrika angeweza kumwabudu Mungu bila kuomba ruhusa ya mmisheni. Akaanza kuhubiri mwenyewe. Watu wakamfuata, na kundi lake likaitwa Dini ya Kaggia.

Wakati ule kanisa ndilo lililokuwa na shule, hospitali na barua za kukusifia ukitafuta kazi. Kulipinga kulikuwa sawa na kukata tawi ulilokalia. Lakini alikata, na tabia hiyo ya kukata tawi ikiwa anaamini mti umeoza tutaiona tena na tena.

Riziki aliitafuta Nairobi, katika kazi ya ukarani wa benki. Angeweza kutulia hapo. Karani wa benki alikuwa mtu wa kuheshimiwa mtaani, suti safi na mshahara wa uhakika. Badala yake akaingia katika vyama vya wafanyakazi, akawa kiongozi wa makarani.

Nairobi ya wakati huo ilikuwa inatokota. Wafanyakazi walilipwa kidogo, walilala watu wengi chumba kimoja, na mwanamume Mwafrika alikuwa amezoea kuishi chini ya sheria ya kipande. Wakati huo huo, serikali ya koloni ilikuwa inawatafutia mashamba wazungu waliopigana vitani, eti kama asante kwa utumishi wao. Askari Mwafrika aliyekula vumbi la jangwa lile lile hakupata hata robo ekari. Hiyo ndiyo dhuluma ambayo Kaggia hakuisahau mpaka kifo chake.

Mei 1950, Fred Kubai na Makhan Singh, viongozi wakuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki, walikamatwa. Mgomo mkubwa ukalipuka Nairobi na kuenea miji mingine, ukadumu zaidi ya wiki moja. Viongozi wakiwa ndani, kiti kikabaki wazi. Kaggia akakikalia, akijua vizuri kwamba waliokikalia kabla yake walikuwa rumande.

Gazeti lililoitwa kinoo

Mwaka wa 1951, Kaggia na wenzake wa vyama vya wafanyakazi walichukua uongozi wa tawi la Nairobi la chama cha KAU. Kubai, ambaye sasa alikuwa nje, akawa mwenyekiti, Kaggia akawa katibu. Wazee wa chama walipenda kuandika maombi ya heshima kwa gavana na kungoja majibu. Vijana hawa hawakuwa na subira hiyo. Walitaka uhuru, na walitaka ardhi irudi.

Hapo ndipo gazeti linapoingia. Siku hizo habari za Waafrika zilikuwa katika magazeti madogo yaliyochapishwa kwa lugha za nyumbani na kwa Kiswahili. Henry Muoria alikuwa na Mumenyereri, Achieng Oneko alikuwa na Ramogi, Paul Ngei akaanzisha Uhuru wa Mwafrika. Kaggia alihariri lake kwa Kikuyu, likaitwa Inooro ria Gikuyu. Inooro ni kinoo, lile jiwe la kunolea kisu.

Jina lenyewe lilikuwa tangazo la sera. Hakuna aliyenoa kisu ili akiweke kwenye sanduku.

Usifikirie gazeti kama chumba cha habari cha sasa, chenye kompyuta, gari la kampuni na kadi ya mwanahabari shingoni. Gazeti la namna ile lilitegemea mtu mmoja au wawili wanaoandika usiku baada ya kazi, mchapishaji anayekubali kuhatarisha mtambo wake, na wauzaji wa barabarani. Nakala moja haikusomwa na mtu mmoja. Ilisomwa kwa sauti hotelini na sokoni, ikapita mkono hadi mkono mpaka ikachanika. Asiyejua kusoma alisikia, na aliyesikia alienda kusimulia kijijini.

Serikali iliogopa karatasi hizo kuliko mikutano. Mkutano unaweza kuukataza leseni. Habari ikishafika kijijini, utaitoa vipi kwenye kichwa cha mtu? Basi Hali ya Hatari ilipotangazwa, magazeti hayo yalikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupigwa marufuku, na mengi ya waliokuwa wakiyaandika yakawakuta gerezani.

Kwetu Taita jambo hili halikuwa geni. Zaidi ya miaka kumi kabla, mwaka wa 1939, wazee wa vilima hivi chini ya uongozi wa Woresha Mengo walikuwa wameunda Taita Hills Association kupinga kunyang'anywa ardhi na kulazimishwa kupunguza mifugo. Mei 1940 chama hicho kilipigwa marufuku siku moja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba, na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Kwa hiyo kilio cha Murang'a na kilio cha Wundanyi kilikuwa kilio kimoja, na aliyejibu alikuwa yule yule: askari na kufuli.

Kapenguria na Lokitaung

Usiku wa kuamkia Oktoba 21, 1952, askari walizunguka wakigonga milango. Kaggia alikuwa katika orodha. Yeye, Kenyatta, Kubai, Ngei, Oneko na Kung'u Karumba wakapelekwa Kapenguria, mbali kabisa na Nairobi, mahali ambapo mawakili na waandishi wa habari walipata taabu hata kufika. Walishtakiwa kusimamia Mau Mau.

Wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza aliongoza utetezi. Hakimu alikuwa Ransley Thacker. Kesi ilianza kusikilizwa Disemba 1952, na Aprili 8, 1953 hukumu ikatoka: miaka saba na kazi ngumu. Baadaye ilijulikana kwamba Thacker alikuwa amelipwa na serikali pauni 20,000 kando ya mshahara, na kwamba shahidi muhimu, Rawson Macharia, alikiri kuwa alidanganya akiwa ameahidiwa zawadi. Kesi hiyo iliuzwa na kununuliwa.

Jambo moja lisisahaulike. Kenyatta mwenyewe huenda hakuwa na uhusiano wa karibu na wale waliokuwa wakipanga mapambano kisirisiri. Kaggia alikuwa nao. Katika kitabu cha maisha yake, Roots of Freedom, kilichochapishwa mwaka wa 1975, hakuficha kwamba alikuwa ndani ya kamati iliyoongoza harakati hizo. Mahakamani alikana, kama ambavyo mtu yeyote anayetaka kuwalinda wenzake walio msituni angekana.

Jela yao ilikuwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia. Ni jua, mawe na upepo. Wafungwa walipasua mawe. Na hata hapo, ndani ya gereza la jangwani, yule mhariri hakufa. Mwaka wa 1958 barua ya malalamiko ya wafungwa wa Lokitaung, Kaggia akiwa miongoni mwa walioiandika, ilipenya ikatoka nje ya kuta na kufika katika gazeti la Observer la London. Ulimwengu ukasoma jinsi watu hao walivyokuwa wakitendewa. Mwezi huo huo Jaramogi Oginga Odinga alisimama katika baraza la kutunga sheria na kusema kwamba wafungwa hao bado ndio viongozi wa watu. Wengi walimzomea. Lakini mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka mitano ulikuwa umefunguka kidogo, na kilichoufungua ni karatasi.

Uhuru, kisha mtihani wenyewe

Kaggia aliachiliwa mwaka wa 1961. Mwaka wa 1963 watu wa Kandara wakamchagua kuwa mbunge wao, na Kenyatta akampa nafasi katika serikali mpya, chini ya waziri wa elimu. Hapa ndipo hadithi nyingi za mashujaa huishia. Mtu aliteseka, uhuru ukaja, akapata kiti, makofi. Ya Kaggia ndiyo kwanza inaanza.

Serikali ya uhuru ilikuwa imeamua namna ya kugawa mashamba yaliyoachwa na wazungu. Mkulima angeuziwa. Angepewa mkopo, anunue, alipe polepole. Kwa mwenye mshahara, biashara au marafiki serikalini, mpango huo ulikuwa mtamu. Kwa mtu aliyetoka msituni au kizuizini akakuta kipande chake kimegawiwa jirani aliyekuwa upande wa serikali ya koloni, ulikuwa mlango uliofungwa kwa kufuli ya dhahabu. Angetoa wapi pesa za kununua ardhi aliyoamini ilikuwa yake na aliyoipigania?

Kaggia alisema hivyo bungeni, akasema katika mikutano, akaandika. Alitaka wasio na ardhi wapewe bure. Alitaka mashamba makubwa yawe ya ushirika badala ya kuwa mali ya wachache. Wakubwa wakamwambia kwamba mtu wa serikali hawezi kuipinga serikali yake. Akaona hoja hiyo ni ya haki, kwa hiyo mwaka wa 1964 akatoka serikalini na kubaki mbunge wa kawaida. Gari likaenda, ofisi ikaenda, hoja ikabaki.

Kipindi hicho hakikuwa cha mchezo. Februari 1965, Pio Gama Pinto, mwanahabari na mbunge aliyekuwa na msimamo kama wake kuhusu ardhi na utajiri, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi. Kila aliyekuwa katika kundi lile alielewa ujumbe.

Wiki chache baadaye ndipo likaja lile swali. Mbele ya umati Kandara, Rais alimgeukia Kaggia na kumkumbusha kwamba walikuwa jela pamoja, pamoja na Ngei, Kubai na Karumba. Akawataja wenzake mmoja mmoja na mali waliyokuwa nayo sasa: mashamba, nyumba, biashara. Kisha akamuuliza yeye amejifanyia nini.

Tafakari hali hiyo kidogo. Mtu wako mkubwa, uliyelala naye kwenye sakafu moja ya jela, anakuaibisha mbele ya mama mboga na wazee wa kijiji chako. Na hakuulizi kwa nini umeiba. Anauliza kwa nini hujachukua. Kuanzia siku ile ilijulikana wazi kwamba katika Kenya mpya, uaminifu ungeweza kuchekwa kama uzembe.

Kaggia angeweza kuchukua. Shamba lilikuwepo, mkopo ulikuwepo, na mtu wa historia yake asingekosa kupata. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Hakunyamaza.

Wapiga kura wakamwacha

Machi 1966 Kanu iliita mkutano wa wajumbe Limuru. Nafasi moja ya makamu wa rais wa chama ikavunjwa ikawa nane ili kummaliza Odinga. Kaggia akasimama kugombea ile ya Mkoa wa Kati, na wajumbe wakamchagua. Uchaguzi ukarudiwa, na safari hii aliyetangazwa mshindi alikuwa James Gichuru. Muda si mrefu Kaggia akahama na Odinga. Wakaanzisha chama cha KPU, Odinga akiwa rais wake na Kaggia makamu.

Bunge likabadilisha katiba haraka haraka: mbunge akihama chama, arudi kwa wapiga kura. Hivyo ukaja Uchaguzi Mdogo wa 1966, viti 29 vikigombewa. KPU ikapata tisa. Kandara haikuwa mojawapo. Serikali yote ilishuka huko, mikutano ya Kaggia ikabanwa, na wapiga kura wakaambiwa kwamba kumchagua yeye ni kukataa maendeleo. Alishindwa, na alishindwa vibaya.

Hapa tusidanganyane. Watu aliowapigania ndio waliomwangusha. Mtu asiye na ardhi alipiga kura dhidi ya mtu aliyekuwa akidai apewe ardhi bure. Ukiuliza kwa nini, utapata majibu mengi: hofu, ukabila uliochochewa, ahadi za barabara na shule, hesabu ya kawaida ya mtu maskini kwamba ni afadhali kuwa upande wa anayegawa. Majibu hayo bado yanatumika kila baada ya miaka mitano, kutoka Kandara hadi Mwatate.

Mwaka wa 1968 akafungwa tena, safari hii na serikali ya uhuru, kwa sababu ya mkutano uliosemekana haukuwa na leseni. Kosa lile lile la enzi za koloni, sheria ile ile, bendera tofauti. Mwaka wa 1969 alichoka, akaiacha KPU na kurudi Kanu. Wapo wanaomlaumu kwa hilo hadi leo, na ni haki yao. Miezi michache baadaye KPU yenyewe ikapigwa marufuku. Kaggia alijaribu tena kuingia bungeni, hakufaulu. Kuna wakati aliteuliwa kusimamia bodi ya pamba, lakini siasa kubwa ilikuwa imempita.

Alifanya nini baadaye? Alifungua kisiagi huko Kandara. Ndiyo, mashine ya kusaga mahindi. Mtu aliyekuwa mmoja wa Sita wa Kapenguria, makamu wa rais wa chama cha upinzani, mhariri wa gazeti lililoitikisa koloni, alikuwa akiwasagia wanakijiji unga kwa senti chache. Waliomjua uzeeni walimwona akiishi maisha ya kawaida kabisa, bila walinzi na bila uzio mrefu. Aliaga dunia Nairobi mnamo Machi 7, 2005, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Viongozi walifika, hotuba zikasomwa, na wengi waliomsifu siku hiyo walikuwa na ekari nyingi kuliko alizowahi kukanyaga.

Kwa nini sisi wa huku?

Simama Mghange siku ambayo ukungu umeondoka, utazame chini. Milimani tunalima vipande vidogo vilivyogawanywa na babu, akagawanya baba, na sasa ndugu wanne wanapimiana kwa hatua. Kule bondeni ardhi inanyooka hadi macho yanachoka. Lakini sehemu kubwa ya kaunti yetu, zaidi ya nusu, ni mbuga ya Tsavo iliyotengwa mwaka wa 1948. Sehemu nyingine ni mashamba makubwa ya mkonge na ranchi. Kuna familia Taveta na Voi ambazo zimeishi mahali pamoja vizazi vitatu na bado zinaitwa maskwota.

Kwa hiyo hoja ya Kaggia haijazeeka. Swali lake la nani apewe ardhi na kwa bei gani liko mezani kila mwanasiasa anapokuja Wundanyi na ahadi ya hatimiliki. Tofauti ni kwamba wengi wakishapewa kiti na ploti, swali hulazwa usingizi.

Tukimheshimu Kaggia, tusimheshimu kwa magwanda yake pekee, wala kwa zile siku za Kapenguria. Vitani alikuwa na jeshi nyuma yake, jela alikuwa na wenzake watano. Ujasiri wake mkubwa ulikuwa pale Kandara, alipobaki peke yake mbele ya rafiki mwenye mamlaka, na watu wake wakitazama, na jibu rahisi likiwa mikononi mwake.

Kuna mtu anaweza kusema, sasa alipata nini? Ardhi haikugawiwa alivyotaka, chama chake kilikufa, kura alikosa. Ni kweli. Lakini tunajua leo kwamba kulikuwa na njia nyingine mwaka wa 1964, na kwamba ilipingwa wazi wazi wala si kwa bahati mbaya. Tunajua kwa sababu mtu mmoja alikataa kuifuta kwenye kumbukumbu ili apate shamba. Mtu akikuambia kwamba hapo zamani wote walichukua, una jina la kumtajia.

Basi Disemba ikifika, na mjomba akauliza umejifanyia nini, jibu vile utakavyoweza. Kujenga si dhambi, na hakuna sifa katika umaskini. Ila kabla hujaona aibu, jiulize kwanza kama kuna kitu ulichokataa mwaka huu ambacho kingekununua. Kama kipo, mweleze mjomba habari za yule mzee wa kisiagi cha Kandara.